Kitabu cha Ukunga kwa Hati ya Kiwanja

Loth alikaa getini miaka saba kabla hajaingia maktaba. Chuo chenyewe ni tawi la sayansi za afya la chuo kikuu, hapa Sumbawanga, upande wa Malangali, na maktaba yake ni jengo refu la bati la bluu linalopigwa na upepo kila upande. Kazi ya Loth getini ilikuwa kupekua mikoba. Vitabu vilikuwa vinapotea, hasa vile vinene vyenye picha za rangi, na kila muhula uongozi uliandika barua ya kulalamika. Loth hakuandika barua. Mwanafunzi akitoka na kitabu, yeye alikigeuza mgongoni, akasoma ile karatasi ndogo yenye herufi na namba, na baada ya siku chache akamfuata mtu wa maktaba kumuuliza, "Kile cha WQ 160 kimerudi?" Wenyewe wakachoka kuwa na mlinzi anayejua vitabu kuliko wao. Wakamhamishia ndani, wakampeleka kozi ya miezi sita, akarudi na cheti, akapewa meza.

WQ ni ukunga. WS ni watoto. QV ni dawa. Nimeyajua haya kwa kukaa karibu na meza yake. Mimi nafanya biashara ya mchele, nautoa bonde la Ziwa Rukwa naupandisha mjini, na jiko la chuo ni mteja wangu. Mhasibu wao ana kawaida ya kwenda chai saa nne na kurudi saa sita, kwa hiyo nilikuwa namsubiri maktaba, mahali pekee pale chuoni ambapo upepo wa Juni haukufuati.

Humo ndani nilikuta vitu ambavyo sikutegemea. Kuna vitabu vya saa mbili, ambavyo mwanafunzi anaacha kitambulisho, anasomea palepale na kuvirudisha. Kuna kiunzi cha mtu mzima cha plastiki kimesimama pembeni, na mwanasesere mwenye tumbo linalofunguka, wa kujifunzia kuzalisha. Kuna kompyuta kumi na mbili, tisa zinafanya kazi. Kuna majarida ya madaktari wa dunia nzima ambayo hayapo kwenye karatasi, yamo kwenye mtandao, na chuo kina neno la siri la kuyafungulia. Na kuna rafu moja fupi karibu na mlango, ya vijitabu vya Kiswahili cha kawaida, kwa mtu kama mimi: sukari, presha, kifua kikuu. Siku moja Loth aliniomba nimbebee kitabu kwenda Muze kwenye gari langu. Nikamwambia mzigo haubebwi bure. Tukakubaliana kila safari anipe kijitabu kimoja. Cha sukari nimekisoma mara mbili, na nimeacha soda.

Sasa hivyo vitabu alivyokuwa ananipa nibebe, kwa kanuni, havikutakiwa kutoka. Kanuni ilibandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake: wanaoazima ni wanafunzi na watumishi wa chuo. Lakini nchi yetu hii ya Ufipa imejaa zahanati, na kila zahanati ina mtu mmoja au wawili waliowahi kusoma hapo hapo, wakahitimu, wakapangiwa huko mbali na daftari zao za darasani. Wa kwanza kuja alikuwa tabibu mmoja anaitwa Masunga. Habari yake nimesimuliwa na Masunga mwenyewe.

"Nataka kile cha magonjwa ya watoto," Masunga alisema.

"Wewe siyo mwanafunzi."

"Nimesoma hapa miaka mitatu, mzee. Wewe ndiye ulikuwa unanipekua."

"Ulisoma. Ukamaliza."

"Kwa hiyo mtu akimaliza haruhusiwi tena kujua?"

Loth akafikiri. Halafu akasema, "Acha kitu."

Masunga akavua saa. Loth akaiweka sikioni. "Hii imekufa. Vua viatu."

"Mzee, nina safari ya basi."

"Ndiyo maana."

Masunga akasafiri na kandambili za Loth, na kitabu alikirudisha baada ya siku sita. Tangu hapo ile droo ya chini ya meza ikawa droo ya rehani. Ilikaa redio, ikakaa chupa ya chai ambayo haijatumika, ikakaa kitenge kipya, cheti cha ndoa, cherehani ya mkono ambayo haikuingia kwenye droo ikawekwa chini ya meza. Kila kitu kimefungwa uzi na karatasi yenye namba ya kitabu. Majina yote yaliandikwa kwenye daftari la kawaida la kurasa mia, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista. Kwa miaka tisa hakikupotea kitabu hata kimoja cha droo. Vya wanafunzi, vya kitambulisho na kompyuta, vilipotea kila muhula.

Lazima nieleze na rehani yenyewe, maana ndiyo iliyokuja kumbana. Loth ni mtoto wa mkulima wa ulezi na mahindi, na kijijini kwao shamba huwekwa rehani kwa utaratibu unaojulikana. Mtu akikuachia shamba lake, unalilima. Akija na cha kukombolea wakati mahindi yako yamesimama, anageuza anarudi nyumbani, anasubiri uvune. Hata kama ni ndugu yako. Hata kama ana haraka. Loth aliichukua sheria hiyo ya shamba akaiingiza maktaba kama ilivyo. Ukiacha rehani, mnakubaliana muda, na ndani ya muda huo kitabu ni chako, hakuna wa kukifuata.

Mwaka jana mwezi wa tano akaja mkutubi mpya. Aliitwa Suma, binti wa Tukuyu, mwenye shahada, umri wa kutosha kuwa mtoto wa kwanza wa Loth. Siyo mtu mbaya, na niseme mapema, kazi anaijua. Wiki ya kwanza kompyuta mbili kati ya zile tatu mbovu zilifufuka. Kila Jumanne alikuwa anawafundisha wanafunzi namna ya kutafuta jambo kwenye mtandao bila kuokota takataka. Wiki ya tatu akafungua droo. Mimi nilikuwepo, nikimsubiri mhasibu.

"Shikamoo baba. Hivi ni vitu vya nani?"

"Marahaba. Ni rehani."

"Rehani za nini?"

"Za vitabu."

Akaitoa chupa ya chai, akaigeuza, akasoma kile kikaratasi. Akalitoa daftari, akalipitia kurasa zote akiwa amesimama.

"Vitabu kumi na moja viko nje, kwa watu ambao hawamo kwenye mfumo."

"Wamo kwenye daftari."

"Baba, daftari siyo mfumo."

"Mfumo umepoteza vitabu thelathini na vinne tangu mwaka juzi," Loth alisema. "Daftari halijapoteza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoharibu. Mtu hapendi kuambiwa ukweli wa namna hiyo mbele ya muuza mchele. Suma akavuta kiti akakaa, akazungumza taratibu.

"Ijumaa ya wiki ijayo wanakuja wakaguzi wa ithibati. Wanahesabu kitabu kwa kitabu. Kisichokuwepo rafuni na hakipo kwenye mfumo, wao wanaita kimeibiwa. Mimi nitawaambia kimeibiwa na nani? Na mtu wa mezani?"

Loth akaitazama droo.

"Nikwambie kabisa, baba, usije ukasema sikukwambia. Vikitimia vyote, yamekwisha. Kikikosekana hata kimoja, meza hii siwezi kukuachia. Utarudi getini."

"Geti la mbele au la nyuma?"

"Sijui. Kwa nini?"

"La nyuma lina kibanda."

Suma alifunga droo kwa ufunguo, akauweka ufunguo mfukoni mwake. Loth alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Getini ni usiku na mchana kwa zamu, na baridi ya hapa mwezi wa sita na wa saba wenye kuijua wanaijua. Mkewe Coleta aliniambia baadaye kwamba siku ile alirudi nyumbani akalitoa sandukuni koti lake la ulinzi, akalianika uani.

Watu kumi walikuja. Walipigiwa simu, wakapanda mabasi, wakapanda pikipiki, kila mmoja na kitabu chake kwapani, na kila mmoja Suma akafungua droo akampa kitu chake. Mwenye cherehani alikodi toroli. Hadi Jumatatu vilikuwa vimerudi vyote kasoro kimoja, WQ 160, nakala ya nne, ambacho kilikuwa Kaoze, bondeni, kwa muuguzi mkunga anaitwa Jenifa. Simu yake haikupatikana.

Mimi nilikuwa nashuka Kaoze Jumatano kuchukua mchele. Loth akanifuata sokoni.

"Mama Tuntufye, nikombolee kitabu kimoja."

"Aliacha nini?"

"Hati ya kiwanja."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia. Jenifa ni mzaliwa wa Izia, hapa mjini, na alikuwa amenunua kiwanja huko Izia kwa mshahara wake mwenyewe, ana karatasi ya mauziano yenye mihuri ya mtaa. Alipofuata kitabu hakuwa na kitu kingine mkononi. Akaacha hiyo.

"Kitabu kimoja kwa kiwanja," nilisema. "Loth, wewe ungekuwa kwenye biashara ungekuwa mbali."

"Sikumlazimisha. Alisema mwenyewe."

"Nipe basi hiyo hati nimpelekee."

Hapo ndipo palipokuwa na mkwamo. Suma alikataa. Tulimfuata ofisini, akasema hawezi kumkabidhi mfanyabiashara hati ya kiwanja cha mtu mwingine, ikipotea njiani yeye ndiye atajibu. Nilimwelewa. Hata mimi nisingejikabidhi. Akasema kitabu kitangulie, hati itafuata.

Nikashuka na lori langu la Kanta kwa njia ya Ntendo, tukapita Muze, saa tisa alasiri nikawa Kaoze. Vijana wakaanza kupima magunia, mimi nikaenda zahanati. Jenifa alikuwa amemaliza kliniki ya wajawazito, anafuta meza. Mwembamba, anaongea haraka, na kitabu kilikuwa hapohapo dirishani, kimefunikwa kwa gazeti, kimejaa vipande vya karatasi kama ndimi.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba. Nimetumwa na mzee Loth wa maktaba. Anahitaji kitabu."

"Umekuja na hati?"

"Hati imebaki kwa mkubwa wake. Kitabu kitangulie kwanza."

Akaendelea kufuta meza. "Mama, wewe ni mtu wa biashara. Mtu ameshika hati yako. Halafu anamtuma mtu mwingine, mikono mitupu, aje achukue kile alichokupa. Ungetoa?"

"Nisingetoa."

"Basi tumeelewana."

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia nitamwachia mzani wangu, mzani mzima wa chuma, mpaka hati ifike.

"Wa kazi gani kwangu? Nipimie watoto?"

"Unapima mpaka kilo mia mbili."

"Bado sijamzalisha huyo," alisema, akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka. "Sikiliza, mama. Hiki kitabu tulikubaliana mpaka mtihani wa Septemba. Najiendeleza. Lakini hata bila mtihani nakihitaji. Niko peke yangu hapa. Mwezi wa nne mama mmoja alijifungua salama, baada ya hapo damu ikakataa kukata. Nilisoma kurasa hizi mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye tumbo lake. Alipona. Sasa wewe unaniambia nikitoe kwa sababu kuna watu wanataka kukihesabu."

Nikamweleza habari ya Loth na geti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole yake," alisema. "Ila shamba la rehani halinyang'anywi mahindi yakiwa yamesimama. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo siku naacha hati. Muulize."

Kaoze mtandao unashika nyuma ya ghala la mpunga, ukisimama karibu na ukuta. Tukaenda wote wawili. Nikampigia Loth.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anasema hajavuna."



"Ana haki," Loth akasema.

"Loth, keshokutwa ni Ijumaa."

"Naijua Ijumaa."

"Basi zungumza naye, umbembeleze. Huyu hapa."

"Nimbembeleze avunje neno nililompa mimi mwenyewe? Nilimwambia Septemba. Mwache akae nacho."

"Na geti?"

"Geti nimeshawahi kukaa."

Akakata. Nilikasirika, sitaki kuficha. Nimezoea watu wanaogeuza maneno asubuhi na jioni, na unajua bei yao. Mtu asiyegeuka anakuachia kazi yote mikononi. Nikampigia Suma. Nikamsalimia kwa Kinyakyusa cha kwao, ugonile, nikamuuliza habari za nyumbani Tukuyu, nikamwacha anipe shikamoo, ndipo nikaingia kwenye Kiswahili.

"Mwanangu, huku kitabu kimegoma."

"Mama, mimi sina la kufanya. Hesabu ni hesabu."

"Sikuombi usamehe. Nakuuliza una nini cha kumpa badala yake. Mtu haachii kitu akabaki mtupu."

Suma akauliza jambo ambalo Loth, kwa miaka yote tisa, hakuwahi kumuuliza mtu wa droo. Loth alikuwa anauliza unaacha nini.

"Anakitumia kwa kazi gani hasa? Nipe niongee naye."

Nikampa Jenifa simu. Nikaweka sauti kubwa, maana ni simu yangu na salio langu.

"Dada, unasoma sura ipi zaidi?"

"Ya kumi na tisa. Kutokwa damu baada ya kujifungua."

"Fungua mwanzoni kabisa, ukurasa wenye maandishi madogo. Mwaka gani?"

Jenifa akafungua. "Elfu mbili na nane."

"Dada yangu, hicho ni kizee. Maelekezo ya hiyo sura yamebadilika. Hapa ninayo mapya, yamewekwa bure kwa ajili ya watu wa zahanati, mimi nayashusha kila siku kwa wanafunzi. Nikutumie?"

"Simu yangu imekufa kioo."

"Ya huyo mama?"

Wote wawili wakanitazama, mmoja kwa macho na mwingine kwa simu. Nikasema itume. Ilikuja kwa dakika ishirini na tano, tukiwa tumesimama kwenye ule ukuta kama watu waliobandikwa, na ilinimalizia bando la wiki. Jenifa akaketi juu ya gunia langu, akaanza kusoma kwenye simu yangu huku kitabu kimefunguliwa magotini. Alikuwa anasoma mstari huku, mstari kule. Vijana walikuwa wamemaliza kupakia, dereva akaja kuuliza tunalala au tunaondoka, nikamwambia atulie.

"Hii hapa," Jenifa akasema mwishowe. "Kuna dawa humu, kitabuni haimo kabisa. Na ninayo. Tuliletewa mwezi wa tatu, boksi zima, nikaiweka kabatini. Ile karatasi ya ndani imeandikwa kwa herufi za sisimizi, sikujua naiingiza hatua gani." Akafunga kitabu. Hakuwa na furaha wala huzuni, alikuwa kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akipitia njia ndefu. "Mwezi wa nne ilikuwepo kabatini," akasema tena, safari hii hakuwa anamwambia mtu.

Nikadhani sasa atanikabidhi. Nikanyoosha mkono.

"Taratibu, mama. Sijasema nakupa. Mpigie tena yule dada."

Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, kitabu atakipandisha mwenyewe, na hati aipokee kwa mkono wake mwenyewe. La pili alilisema akiwa ameishika simu karibu sana na mdomo: "Niandike. Nataka siku nikipiga kuuliza jambo, useme 'ndiyo, Jenifa', siyo 'wewe nani?'"

"Kanuni inasema wanafunzi na watumishi," Suma akajibu.

"Basi nakaa na kitabu changu kizee."

"Subiri, sijamaliza. Kanuni ina ukurasa wa pili. Kuna fomu ya mtumiaji wa nje, kwa wahudumu wa afya wa mkoa. Ipo kwenye faili tangu tawi lifunguliwe. Haijawahi kujazwa hata moja."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyegeuza ukurasa, nadhani."

Tuliondoka Kaoze Alhamisi jioni baada ya Jenifa kupata wa kumshikia zamu kutoka kijiji cha jirani, tukalala Muze, alfajiri tukapanda mlima. Kanta ikiwa na mzigo haikimbii pale, unaweza kushuka ukatembea pembeni yake. Jenifa alikaa katikati, mimi dirishani. Kitabu alikifunga kwa kitenge akakiweka mapajani. Nikamwambia aweke nyuma ya kiti tupate nafasi ya miguu. Akasema hapana.

Saa nne na nusu tuliingia chuoni na mchele wote. Wakaguzi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na walishamaliza rafu za dawa. Loth alikuwa juu ya ngazi fupi, anasoma migongo ya vitabu, mkaguzi anaandika. Suma alisimama mezani. Kwenye kiti cha Loth kulikuwa na lile koti la ulinzi, limekunjwa vizuri.

"WQ 160," mkaguzi akasoma. "Nakala nne."

"Tatu zipo," Loth akasema.

"Na ya nne?"

Loth akashuka ngazi moja. Nadhani alikuwa anataka kujibu akiwa chini. Jenifa akavuka ukumbi, akawasalimia wakubwa shikamoo, akafungua kitenge.

Loth alikipokea, akakigeuza mgongoni kama alivyokuwa akifanya getini, akavitoa vile vikaratasi kimoja kimoja akampa mwenyewe, ndipo akakipachika rafuni. "Ya nne hii," alisema. Mkaguzi akaandika, akaenda WR.

Jenifa alikuwa bado amenyoosha mkono, safari hii upande wa Suma. Suma akafungua droo. Hati ilikuwa peke yake humo ndani. Jenifa akaisoma yote, mpaka mihuri, akaikunja akaiingiza kifuani.

Wakaguzi walipohamia kwenye kompyuta, Suma akakitoa kile kitabu cha elfu mbili na nane rafuni, akakiweka pembeni kwenye rundo la vya kuondolewa.

"Mnakitupa?" Jenifa akauliza. "Nipeni mimi basi."

"Mali ya umma haigawiwi hivyo. Mpaka kamati ikae."

"Inakaa lini?"

"Haijawahi kukaa."

Akapewa fomu, akaijaza akiwa amesimama. Akaomba toleo jipya la kitabu kilekile, lililokuja mwaka huo, nakala mbili tu zilizopo. Suma akalileta mezani akamwambia Loth aligonge muhuri. Loth akaivuta fomu, akaisoma mbele na nyuma.

"Anaacha nini?"

"Haachi kitu, baba. Amejaza fomu."

"Fomu ni karatasi."

"Na hati ya kiwanja ilikuwa nini?"

"Karatasi yenye kiwanja." Akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa. "Hapa pameandikwa mdhamini, awe mtumishi wa chuo. Pako wazi."

"Wewe unamjua. Mdhamini wewe."

"Mimi ni mtu wa mezani. Mtu wa mezani hadhamini kwenye meza yake."

Suma alitazama upande wa wakaguzi, akamtazama Jenifa, ambaye alikuwa ameanza kulifungua lile toleo jipya kwenye sura ya kumi na tisa na kukuta siyo hiyo tena, imesogea. Akachukua kalamu akasaini. Loth akagonga muhuri. Halafu akalivuta lile daftari la kurasa mia kutoka chini ya koti, akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa mwandiko wake wa masista, nami nikasoma kwa juu: WQ 160, toleo jipya. Jenifa, Kaoze. Rehani: Suma.

"Baba, mimi siyo kitu cha kuwekwa rehani."

"Umesaini."

"Futa hilo."

"Nikifuta, naye anarudisha kitabu." Akamgeukia Jenifa. "Mwezi mmoja. Ukitaka kuongeza muda piga simu kabla, mtihani nauelewa. Ukichelewa siji Kaoze. Namfuata huyu." Akamwonyesha mkubwa wake kwa kidevu.

Suma akavuta pumzi. "Jumanne saa mbili kuna darasa la kutafuta kwenye mtandao," akamwambia Loth. "Utakaa mstari wa mbele. Na hilo koti liondoe kwenye kiti, linachafua."

Loth akalichukua koti, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akarudi mezani akakaa. Mwanafunzi mmoja alikuwa anasubiri na kitambulisho mkononi, anataka kitabu cha saa mbili. Huko nje dereva alikuwa anapiga honi, na mhasibu alikuwa ameshakwenda chai.